Maswali yanayoulizwa sana: kuhamishia coreboot kwenye mazabodi mpya

Kwanza tuelewane neno. "Bodi mpya" humu ni bodi ambayo haimo kwenye sosi kodi ya coreboot, hata kama yenyewe ina miaka kumi na vumbi juu. Bodi iliyotoka kiwandani juzi ni habari nyingine, na mara nyingi ni habari mbaya, utaona chini kwa nini.

coreboot inafanya nini hasa?

Ni fimwea huria, yani programu ya kwanza kabisa kuendeshwa mashine ikiwashwa, inakaa kwenye ile chipu ndogo ya flashi palipokuwa na BIOS au UEFI ya mtengenezaji. Ilianza 1999 kwa jina la LinuxBIOS huko Los Alamos National Laboratory, Marekani, Ron Minnich na wenzake wakiwa na klasta za kompyuta ambazo BIOS za kawaida zilikuwa zinawasumbua kuzisimamia, ikaja kubadilishwa jina kuwa coreboot 2008. Leseni ni GPLv2. Inaamsha prosesa, inaamsha RAM, inapanga chipseti (chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine) na vifaa vya PCI, inaandaa meza za ACPI (maelezo ya vifaa ambayo mfumo wa uendeshaji unayasoma), basi, inakabidhi usukani kwa peilodi, yani programu inayofuata ya kuwasha mfumo wa uendeshaji, na yenyewe inakaa pembeni. Haijui diski, haina menyu, haina picha ya kipanya. Ukiona menyu ujue hiyo ni peilodi.

Bodi yangu itawezekana?

Hili ndo swali la kwanza lakini watu wanaliuliza la mwisho, wakishanunua vifaa vyote. Angalia vitu vitatu, tena kwa mpangilio huu huu.

Prosesa na chipseti: ingia kwenye sosi kodi, tafuta familia yake ndani ya `src/soc`, au kwa za zamani `src/northbridge` na `src/southbridge`. Ikiwemo, kazi yako ni kuielezea bodi tu, yani waya gani umeenda wapi, nini kimeunganishwa na nini. Isipokuwemo basi wewe huhamishii bodi mkuu, unaandika sapoti ya chipseti nzima, na hapo ndani kuna kuamsha RAM ambako nyaraka zake mara nyingi hazitolewi hadharani. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, ya kwanza mtu mmoja mvumilivu anaimaliza kwa muda wake wa ziada, ya pili inaweza kukula miaka.

Kufuli la saini, lile linalokataa fimwea isiyo na saini ya mtengenezaji: Boot Guard kwa Intel, Platform Secure Boot kwa AMD. Likiwa limefungwa mara nyingi hamna mjadala, tafuta bodi nyingine.

Super I/O kwa kompyuta ya mezani (chipu ya bandari ndogo ndogo kama seriali), au EC kwa laptopu (chipu ya kibodi, betri na feni): kama chipu hiyo haijasapotiwa bado unaweza ukaendelea, ila ongeza kazi. Super I/O nyingi ni ITE, Nuvoton au Fintek na zinafanana fanana. EC kila mtengenezaji ana ya kwake na akili zake.

Hiyo Boot Guard mbona kila mtu anaitaja kama jini?

Kwa sababu kwa bodi nyingi haina dawa. Intel waliileta na kizazi cha Haswell, 2013. Mtengenezaji wa bodi anachoma alama ya ufunguo wake kwenye fyuzi zilizo ndani ya chipseti, na fyuzi ikishachomwa haichomoki, kwa hiyo kila mashine ikiwashwa inakaguliwa saini ya kipande cha mwanzo cha fimwea kabla hakijaendeshwa, wewe ufunguo wa siri huna, coreboot yako hata iwe imeandikwa kwa wino wa dhahabu haitapewa nafasi. Klipu ya kuandikia flashi kutoka nje haisaidii, kubadilisha chipu ya flashi haisaidii, maana tatizo haliko kwenye flashi.

Afadhali ni kwamba sio wote waliochoma, bodi za mezani kadhaa ziko wazi. Kagua na `intelmetool -b` ukiwa kwenye Linux na fimwea ya awali kabla hujafungua hata skrubu moja. Na tafadhali usichanganye na Secure Boot ya kwenye menyu ya UEFI, hiyo ni mambo ya kukagua mfumo wa uendeshaji, unaizima na maisha yanaendelea.

Nahitaji vifaa gani?

Programa ya SPI ya nje, yani kifaa cha kusoma na kuandika chipu ya flashi, ambayo flashrom, programu ya kazi hiyo, inaijua (Raspberry Pi inatosha sana), klipu ya pini 8 kama chipu yako ni SOIC-8, kompyuta ya pili inayofanya kazi, na njia ya kupata logi (maandishi ambayo coreboot inatoa ikiwa kazini), ikiwezekana waya wa seriali. Kama chipu ni ya kuchomeka kwenye soketi we una bahati, nunua chipu mbili tatu za akiba za aina ile ile na klipu usahau.

Nimepata programa ya CH341A ya bei rahisi, inafaa?

Inafaa ila ipime kwanza. Zile bodi nyeusi zinazozagaa zina ugonjwa unaojulikana: chipu inapewa volti 3.3 sawa, lakini mistari ya data inatoka na volti 5 kwa sababu CH341A yenyewe imelishwa 5. Flashi nyingi zinavumilia kidogo, na kwa kuwa chipu haijatolewa kwenye bodi ujue chipseti nayo inapokea hiyo 5. Kuna watu wanarekebisha kwa kuunyanyua mguu mmoja na kuunga waya, kama mkono wako wa kulehemu sio mzuri tumia kitu kingine. Alafu kuna flashi za volti 1.8 hasa kwenye laptopu mpya mpya, hizo zinahitaji adapta, usibahatishe, soma maandishi juu ya chipu na utafute datashiti yake.

Flashrom haioni chipu nikiweka klipu.

Zima umeme kabisa, toa betri, hata ile ndogo ya CMOS. Klipu ikae wima, kinukta cha pini namba 1 kikae upande wake. Fupisha waya, punguza spidi kwa `spispeed`. Kama bado, mara nyingi ni kwamba umeme wako wa 3.3 unanyonywa na bodi nzima, maana unailisha chipu pamoja na kila kilichoungwa nayo, programa dhaifu inazidiwa. Nimeshawahi kuhangaika jioni nzima kumbe ni klipu imechoka meno.

Kwa nini mnasisitiza bakapu kama vile dini?

Manake humo ndani hakuna BIOS peke yake. Kwenye Intel chipu imegawanywa maeneo: deskripta (ramani ya maeneo yenyewe), ME (fimwea ya prosesa ndogo iliyo ndani ya chipseti), eneo la BIOS, na mara nyingi GbE ambako ndo inakaa MAC ya kadi ya mtandao. Soma chipu mara mbili au tatu, linganisha kwa `sha256sum`, zikitofautiana hata herufi moja usiandike chochote mpaka ujue kwa nini. Zikifanana bado haitoshi kwa sababu chipu isiyosomeka inaweza kukupa faili mbili zinazofanana zilizojaa FF tupu. Fungua faili, kama ni Intel ya miaka hii utakuta baiti `5A A5 F0 0F` karibu na mwanzo, hiyo ndo alama ya deskripta. Kisha `ifdtool -x` ikukatie vipande kila kimoja na faili lake. Nakala moja iweke mahali ambapo hata ukifomati kila kitu itabaki.

Kabla sijang'oa fimwea ya awali nikusanye taarifa gani?

Zote! Sio utani. Ukishaweka coreboot ile hali ya awali imepotea, na kuirudisha ni klipu tena. Ukiwa bado na fimwea ya mtengenezaji, washa Linux kwa `iomem=relaxed` kwenye mstari wa keneli, alafu toa `lspci -nnvvvxxxx`, `inteltool -a`, `superiotool -deV`, `ectool` kama ni laptopu, `dmidecode`, `acpidump`, `dmesg` nzima, na faili za kodeki ya sauti kwenye `/proc/asound/card0/`. Chukua na VBT, jedwali la mipangilio ya skrini, kutoka `/sys/kernel/debug/dri/0/i915_vbt` kama grafiki ni ya Intel. Piga picha bodi pande zote mbili, kwa mwanga mzuri, hadi namba za chipu zisomeke.

Mtu atakuambia hizi logi nyingine hutazitumia. Utazitumia. Siku bandari moja ya USB imegoma ndo utakumbuka.

Nasikia kuna autoport, si inamaliza kazi yote?

Inaanza kazi, haimalizi. Ni programu ndogo imeandikwa kwa Go, iko ndani ya `util/autoport`, unaiendesha kwenye bodi yenyewe ikiwa na fimwea ya awali, inasoma rejista na kukutemea folda ya bodi iliyo karibu kukamilika. Inazielewa vizuri Sandy Bridge na Ivy Bridge, na kwa hizo inakuokolea siku nyingi. Lakini haijui RAM yako inasomwa kwenye anwani zipi, haijui EC, na pale ilipobahatisha inaacha maoni ndani ya kodi ikikuomba uhakikishe, sasa watu wanayaruka maoni halafu wanakuja kulia.

Bila autoport naanzia wapi?

Tafuta bodi iliyoko tayari ndani ya `src/mainboard` yenye chipseti ile ile, na ikiwezekana Super I/O ile ile, kopi folda, badilisha jina, anza kurekebisha. Hakuna anayeanza na ukurasa mweupe, hata wakongwe. Kama bodi yako ni ndugu wa damu wa iliyopo, mtengenezaji mmoja na tofauti ndogo ndogo, usikopi, iweke kama varianti chini ya folda ya bodi hiyo, watakaokagua kodi watakushukuru.

Faili zipi zinabeba uzito?

`devicetree.cb` ndo ramani: kifaa gani cha PCI kinawashwa, kipi kinazimwa, Super I/O iko anwani gani na vipengele vyake vipi vinafanya kazi. `gpio.c` ni pini za chipseti, ipi ya kuingiza, ipi ya kutoa, ipi iko juu ipi chini, unaipata kwenye matokeo ya inteltool. `hda_verb.c` ni sauti. `dsdt.asl` na folda ya `acpi` ni yale ambayo mfumo wa uendeshaji utayasoma baadaye. `Kconfig` inasema ukubwa wa flashi na kuchagua madereva. Kwa laptopu ongeza faili za EC.

Usiiogope C yake, kwenye folda ya bodi ni chache, sehemu kubwa ni majedwali. Kinachochosha ni kulinganisha namba na namba. Ukiwa mtu wa kuruka mistari hii kazi itakutesa.

Mbona RAM inasemwa ndo mlima?

Prosesa ya x86 ikiamka inaenda kusoma maagizo kwenye anwani 0xFFFFFFF0, baiti 16 chini ya gigabaiti 4, na wakati huo RAM haifanyi kazi bado. Sasa programu ya C inataka staki (mahali pa kuweka data zake za muda), staki inataka kumbukumbu, na kumbukumbu hamna. Zamani LinuxBIOS walikuwa na kompaila maalumu inayobana kila kitu ndani ya rejista za prosesa tu, fikiria hilo. Siku hizi tunaifanya kashe ya prosesa ijifanye RAM kwa muda, hatua za mwanzo za coreboot, bootblock na romstage, zinaishi humo, romstage inaamsha RAM ya kweli, kisha hatua inayofuata, ramstage, inahamia huko na kufanya kazi kwa nafasi.

Kuamsha RAM ya DDR3 na kuendelea sio kuwasha swichi. Fimwea inasoma SPD, chipu ndogo yenye maelezo ya kila stiki, kupitia waya za SMBus, anwani kati ya 0x50 na 0x57, inajua stiki ina ukubwa na kasi gani, alafu inaanza kuifundisha, yani kujaribu ucheleweshaji wa kila mstari mpaka data ipite salama. Majibu yanatunzwa kwenye flashi ndo maana kuwasha kwa mara ya kwanza kunachelewa na kwa mara ya pili kunakimbia. Usizime umeme mara ya kwanza kwa sababu umeona sekunde thelathini kimya!

Kwa mtu anayehamishia bodi habari njema ni kwamba hiyo hesabu imeshaandikwa. Wewe unaiambia tu stiki ziko anwani zipi na chaneli ipi. Ila kama RAM imeshindiliwa kwenye bodi moja kwa moja bila stiki inaweza ikawa haina SPD, hapo itabidi data yake uitoe kwenye fimwea ya awali.

AMD za Zen ni dunia nyingine, pale PSP, prosesa ndogo ya ndani, inaifundisha RAM kabla kiini cha x86 hakijaamka kabisa, kwa hiyo coreboot inakuta meza imeshaandaliwa.

Sasa hiyo ni huria kweli kama kuna FSP na ME?

Inategemea bodi, na mtu anayekujibu "ndio" au "hapana" tupu anakuuzia kitu. Sandy Bridge na Ivy Bridge RAM inaamshwa kwa kodi iliyo wazi kabisa, na ME unaweza kuipunguza kwa me_cleaner lakini huwezi kuifuta yote, ukiifuta mashine inajizima baada ya dakika 30. Intel mpya zinahitaji FSP, ambayo ni binari ya Intel iliyofungwa, vipande vyake M inaamsha RAM na S inaamsha chipseti. AMD mpya zinahitaji binari za PSP. Maoni yangu: coreboot yenye FSP bado inakupa udhibiti mkubwa kuliko UEFI ya mtengenezaji, ila usiitangaze kwa watu kama fimwea isiyo na siri.

Nimeflashi, nimewasha, skrini nyeusi. Nifanyeje?

Karibu. Hapa ndo utakapokaa muda mrefu kuliko sehemu zote.

Skrini ni kitu cha mwisho kuamini, kwa sababu grafiki zinaamshwa mwishoni kabisa, mashine inaweza ikawa imeshafika kwenye peilodi na inakusubiri gizani. Unachotaka ni logi. Kama bodi ina seriali, ama bandari ama pini zake tu, tumia hiyo, 115200, na pandisha kiwango cha logi hadi juu kwenye menuconfig. Kama hamna seriali, bodi za zamani zenye EHCI (kidhibiti cha USB 2.0) zina bandari moja ya USB ya kudibagi, unaunga kifaa kama BeagleBone Black kinachojifanya kifaa cha kudibagi, tatizo ni kuijua bandari ni ipi, zijaribu moja moja. Ikishindikana hiyo, washa konsoli ya kuandika kwenye flashi yenyewe, ni polepole na kila jaribio unarudi kwenye klipu kusoma, lakini inafanya kazi penye ukame. Na kadi ya POST ya kusoma poti 0x80 inakupa namba mbili tu lakini kuna siku namba mbili zinatosha.

Logi ikikatika katikati ya RAM, angalia ramani ya SPD. Ikikatika ramstage wakati wa kuhesabu vifaa, kuna kifaa umekiwasha au kukizima kimakosa kwenye devicetree. Ikifika hadi peilodi ndo ikanyamaza, coreboot imemaliza kazi yake, hamia kudibagi peilodi. Na kama hakuna logi hata herufi moja usikimbilie kusema RAM. Bodi yangu ya kwanza ilikaa kimya siku nne, nikabadilisha stiki zote za RAM nilizonazo, nikasoma kodi ya RAM hadi nikaanza kuiota, kumbe Super I/O ilikuwa kwenye 0x4e mimi nimeandika 0x2e kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye bodi niliyokopi. Mashine ilikuwa inaongea muda wote, haikuwa na mdomo tu.

Nichague peilodi ipi?

Kwa kujaribu, SeaBIOS, ni nyepesi na inawasha karibu kila kitu cha zamani. Ukitaka UEFI chukua edk2. GRUB nayo inakaa humo humo kwenye flashi, na keneli ya Linux pia kama nafasi ipo. Bodi ikishatulia ndo uanze kuringa na peilodi.

Grafiki je?

Intel nyingi zina libgfxinit, imeandikwa kwa Ada, inawasha skrini bila binari ya VGA, unahitaji kuorodhesha milango ya skrini iliyopo na kuipa VBT. Ikikusumbua, kwa muda tumia VGA BIOS iliyotolewa kwenye dampu yako, ile bakapu ya awali.

Laptopu ina tofauti gani?

EC. Hicho ndo kinachosimamia kibodi, betri, feni, kitufe cha kuwashia na kifuniko. Fimwea ya EC huwa inabaki ile ile ya mtengenezaji, wewe unaandika ACPI ya kuongea nayo. Tahadhari moja: kwenye baadhi ya laptopu EC inasoma fimwea yake kutoka flashi ile ile ya BIOS, ukifuta eneo lake mashine haiwaki hata taa.

Naweza kuiua bodi moja kwa moja?

Kwa kuflashi vibaya, hapana, klipu na bakapu vinairudisha. Kwa kuharibu kifaa chenyewe ni nadra ila inawezekana, GPIO iliyowekwa kutoa umeme mahali ambapo kifaa kingine nacho kinatoa umeme sio jambo zuri, na feni isiyozunguka nayo usiiache ikae hivo mchana kutwa. Mara za kwanza weka mkono karibu na kitufe, na shika hitisinki usikie joto.

Si nidekompaili tu BIOS ya mtengenezaji nikopi kodi?

Usikopi. Kodi ile ina mwenyewe, ikigundulika kwenye mabadiliko yako itakataliwa. Kusoma thamani za rejista kutoka kwenye mashine inayowaka ni sawa, hizo ni namba zinazoeleza vyuma.

Imebuti Linux. Nimemaliza?

Umefika nusu. Jaribu kila nafasi ya RAM, moja moja na zote pamoja, kila bandari ya USB, kila SATA, sauti ya mbele na ya nyuma, mtandao, kuzima, kuanzisha upya, na kulala halafu kuamka. Kulala ndo kunaumbua wengi, mashine inalala vizuri, inaamka feni inazunguka na skrini haina kitu, na mara nyingi kosa liko kwenye GPIO au ACPI uliyoikopi bila kuisoma. Yasiyofanya kazi yaandike kwenye ukurasa wa bodi ndani ya `Documentation/mainboard`, hakuna aibu kuandika "sauti ya mbele haitoki".

Ukiwa tayari peleka kwenye Gerrit yao, tovuti ya kukagulia kodi, review.coreboot.org, komiti iwe na mstari wa `Signed-off-by`, na uijenge kwa kompaila yao ya `make crossgcc-i386`, sio ile ya distro yako. Wakaguzi watakuuliza maswali mengi mafupi mafupi yanayosikika kama ugomvi. Sio ugomvi, wanaandika hivo kwa kila mtu.

Kila kitu kinafanya kazi sasa, ile dampu ya awali naweza kufuta?

Hapana aise. Humo ndo kuna ME yako, MAC yako na VBT yako.